Kilomita Elfu za Mwanzo

Ilishuka melini Mkoani, viti vimevaa nailoni,
saa ya masafa inasoma thelathini na moja,
zote si zangu.

Faki Mshindo, fundi, akafungua boneti,
akanusa kama anayenusa mchuzi wa jirani,
akaifunga pole kwa viganja viwili.
"Yakhe Khatibu, huyu ni mwari.
Chuma hakijajuana na chuma.
Kilomita elfu za mwanzo usipite sitini,
usikanyage mafuta mpaka chini,
wala usishike mwendo mmoja kama msumari.
Panda, shuka, iache ipumue.
Ukiikimbiza leo itakunywa oili maisha yake yote,
kisha uje hapa unilaumu miye."

Nilicheka. Mimi, ambaye toka Mtambile hadi Konde
naitwa Risasi!
Kisiwa chenyewe, ncha kwa ncha, hakifiki kilomita sabini.
Nikahesabu kwa vidole:
mara kumi na tano nikipime, nikipime tena,
kama fundi cherehani na suruali ya mtu asiyekua.

Siku ya kwanza mguu wa kulia uliugua.
Ulitetemeka juu ya pedeli
kama jogoo wa kamba anayesikia mwenzake akiwika.
Gombani ikanipita bodaboda,
abiria wawili na gunia la mkaa.
Mtoto wa skuli akanipungia mkono,
kisha akapunga tena,
maana bado nilikuwa palepale.
Nilitukana moyoni. Nikatukana kwa sauti.
Mkono ukaifuata honi wenyewe,
na ng'ombe aliyelala njiani akafumbua jicho moja,
akalifumba.

Mke wangu Time, miaka minane
alikwenda kwao Wete kwa gari za watu.
Siku ya tatu akatoka na buibui lake na kopo la visheti,
akakaa kiti cha mbele bila kuuliza.
Hakushika mshikio wa juu.
Hakuvuta uradi.
Tulipofika Ole alikuwa amelala.
Sikuwahi kujua kwamba anakoroma.

Kilomita ya mia nne na kitu, Mzambarauni,
harufu ilinifikia kabla ya majamvi.
Karafuu, zimeanikwa kando ya lami, nyekundu zinageuka nyeusi.
Msimu ule mwingine nilipita hapa na gari ya zamani
nikakata kona juu ya jamvi la Bi Mwanakombo.
Kwenye kioo nilimwona ameinama,
anaokota moja moja kwenye kokoto.
Sikusimama. Nilikuwa nawahi,
na hadi leo sikumbuki nilikuwa nawahi nini.

Safari hii nikasimama. Nikashuka. Nikatoa salamu.
"Bibi, mimi ndiye yule."
Akaitizama gari, akanitizama viatu.
"Siye. Yule hana breki."
Akaendelea kugeuza karafuu zake kwa mguu,
nami nikabaki na pesa mkononi
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Nisiseme uongo: kilomita ya mia saba
teksi ilinichomekea mteremko wa Machomane,
na Risasi akafufuka.
Injini ikapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia,
ukelele wa mtu anayeamshwa kwa kofi.
Nikaachia mafuta. Teksi ikaenda zake.
Faki sikumwambia.

Ilipotimia elfu, akaifungua nati ya chini,
oili ya kwanza ikamiminika kwenye beseni.
Akaizungusha juani:
ndani yake mlimeta vumbi la chuma, laini kama wanja.
"Unaona? Huu ndio ukali wake. Umetoka.
Sasa nenda, themanini, mia, upendavyo."

Sikumuuliza wangu unafunguliwa nati gani.

Nikarudi nyumbani kwa hamsini na tano.
Bodaboda ile ile ikanipita, dereva akageuka, akacheka,
na mguu wa kulia, mpumbavu,
ukajinyoosha kidogo,
ukajikunja.