Ubao wa Nne

Ubao wa kwanza ulikuwa mlango wa kabati la marehemu shangazi,
bawaba moja bado inaning'inia.
Nilishuka nao hatua sita kwenye mchanga wa nyuma ya Haubi,
pua ikazama, nikaendelea peke yangu.
Mchanga masikioni, mchanga kwenye meno,
na Kidunda akicheka mpaka akakaa chini.

Wa pili, bati. Usichukue bati hata ukipewa bure.
Linakimbia, halikusikilizi,
na saa saba mchana linakaanga nyayo kama maandazi.

Wa tatu, mninga, mzito kama deni.
Fundi Lubuva alinionya kwamba mninga haupindiki.
Kweli, haukupinda kona hata moja.

Kwa hiyo huu wa nne tuliujadili.
Plaiwudi, safu tatu, gundi katikati.
"Urefu?" akauliza, penseli sikioni.
Nikasimama wima, nikamwonyesha kidevu changu.
"Upana?" Nikavua kandambili, nikapandisha mguu
juu ya meza yake, kwenye maranda:
kisigino kisining'inie,
vidole vichungulie kidogo tu.
Akapima, akaguna, akaandika namba zangu ukutani
chini ya vipimo vya jeneza la mtu.

Pua tuliilainisha kwa mvuke wa sufuria la harusi,
tukaikandamiza kwa mawe usiku kucha.
Asubuhi ilikuwa imeinua uso,
kama mtoto aliyesikia jina lake.

Mikanda ni ya katambuga, tairi la lori,
maana ngozi hukakamaa na kamba hukata.
Ikilegea, mguu unachomoka kabla hujaanguka.
Ikibana mno, mnaanguka wawili, wewe na ubao.
Kidole kimoja kipite kati ya mpira na mguu.
Kimoja.

Tumboni mwa ubao, nta ya nyuki wa Mnenia.
Mshumaa pia hutelezesha,
ila unakuacha katikati ya kilima
ukisukuma kwa mkono kama mvuvi asiye na maji.

Mambo ya vifaa yana mwisho. Ya mwili, sijauona.
Msimu mzima nilitazama miguu yangu
na nikafika pale pale nilipotazama: chini.
Kidunda ndiye aliyesema, tena kwa hasira,
"Mwasiti, angalia unakokwenda! Miguu haina macho."
Nikakazia jicho mgunga ulioko bondeni.
Bega likafuata jicho, nyonga ikafuata bega,
na ubao, ule mkaidi, ukageuka
kama ng'ombe aliyeliona zizi.

Magoti yalegee, kama ya mtu anayejitwika ndoo.
Uzito nyuma kidogo, mchanga si theluji.
(Theluji niliiona kwenye simu ya Kidunda:
weupe mtupu, na watu wamevaa magodoro.)
Upande wa kisigino nimeshauzoea.
Upande wa vidole unataka nilipe bonde mgongo,
na hapo moyo unagoma.
Jumapili nilijaribu mara kumi na moja.
Ya tisa ilikaribia.

Penye nyasi na katani hatupiti.
Mizizi ile ndiyo iliyoshika udongo uliobaki.
Walihamisha ng'ombe humu kabla sijazaliwa
ili majani yarudi,
mimi ni nani niyachane kwa plaiwudi?
Tunashuka pale palipokwisha kumomonyoka,
kwenye jeraha lenyewe, palipo laini.

Mama aliuliza, "Unashuka. Halafu?"
"Napanda tena."
Akarudi kwenye ungo wake wa kunde.

Jana alinikuta uani napaka nta.
Akachukua kitambaa, akasugua kuelekea mkiani,
kwa nguvu, kama anayesugua sufuria lililoungua,
akasema bila kunitazama,
"Huku umeruka."