Kiungo

Reli ya marehemu Raistrick nene, ya zamani;
ya mjukuu nyembamba, ya dukani juzi.
Zikikutana juu ya meza ya gereji
garimoshi huchechemea, likalala ubavu.

Kiungo cha kupatanisha hizo mbili hakiuzwi.
Enid akakata kipande cha bomba la shaba,
akakibana kwa jiliwa, akakipiga tupa:
huku unene wa mzee,
huku wembamba wa mtoto.
Akapuliza vumbi, akajaribu. Hakikuingia.
Tupa tena. Chai ikapoa.

Saa tatu usiku, mvua ya Shildon ikitwanga bati,
behewa la kwanza likafika penye shaba.
Tak,
likapita.

“Lirudi, bibi!”
Bibi kesha geuka, anatafuta miwani
iliyo usoni mwake.