Jozi

Daktari Eteri ameweka mataya mawili ya plasta mezani
kama mfinyanzi anayemwonyesha mteja vyungu.
Nje, Telavi yote inanuka zabibu zilizopondwa.
Mimi ni Lamara, mtunga jozi kwenye nyuzi,
miaka sabini na mmoja, magego mawili pungufu,
chini, kushoto, upande niliozoea kubangulia.
Jozi ya juu bado hushuka kila mlo,
ikagonga hewa.

"Hili ni la kuvua."
Bamba la rangi ya ufizi, vikulabu viwili vya waya,
jepesi kama ganda la yai.
Asubuhi unalivaa, usiku unalilaza majini.
Bei yake naiweza, mauzo ya nyuzi arobaini.
Lakini litacheza, Lamara. Punje itaingia chini yake
nawe utaijua punje hiyo kwa jina.
Na mfupa wa taya usiopewa kazi hunywea
kama shamba lililohamwa.

"Hili halitoki." Daraja.
Meno manne yaliyoshikana, yanang'aa, hayana haya.
Unalala nalo, unaamka nalo, hata jozi kavu linasaga.
Ila nguzo zake ni meno yako mazima,
la mbele ya pengo na la nyuma yake.
Hayo nitayachonga mpaka yawe vijiti,
ndipo niyavike kofia.
Au skrubu mfupani, na miezi minne ya kungoja.
Akataja bei. Nikatazama viatu vyangu.

Jino la pembe si dawa ya pengo: sawa.
Aliyesema hivyo hakutafuna upande mmoja miaka mitatu
hadi shavu la kulia likawa la kijana
na la kushoto likaning'inia kama soksi.

La kuvua nalijua. Nimelala jirani nalo miaka kumi na tisa.
Nodar wangu, siku ya mavuno, alisimama ukingoni mwa hori
kikombe juu, akiwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja.
Alipofika kwa shangazi Pepela, meno yakamruka
yakazama kwenye zabibu.
Tulikanyaga taratibu, watu sita,
tukiyatafuta kwa nyayo.
Shemeji Vazha ndiye aliyeng'atwa.

Tulimzika nayo. Mdomo wake
haukukubali kufumba vinginevyo.
Iliyobaki ni bilauri, na duara jeupe la chokaa
pale maji yake yalipokuwa yakifika.

"Ningekuwa mama yako, ungenipa lipi?"
Eteri akavua glavu moja, akaifikiria nyingine.
"Mama yangu ana daraja.
Kila akinywa kitu baridi, ananipigia simu."

Ulimi wangu ukaenda pengoni, kama kawaida yake.
Ukamgusa jirani wa mbele. Mzima.
Ukamgusa wa nyuma. Mzima, ameinama kidogo tu
kama mtu anayesikiliza mlangoni pa chumba kitupu.
Hawajanikosea kitu hawa.
Niwachonge ili wawabebe wasiokuwepo?
Nimeona watoto wakifanyiwa hivyo
katika nyumba za wafiwa.

"La kuvua," nikasema,
na sauti yangu haikuwa ya mtu aliyeshindwa bei,
ingawa bei nayo ilikuwemo.

Usiku wa kwanza ufizi uliwaka.
Kutwa nzima nilikuwa nimesema "shashasha" badala ya "sasa",
na mkate ulikuwa umenihama mdomoni mara mbili.
Jozi sikuthubutu.
Nikalitoa, likaja na mate na chembe ya jibini,
dogo, la moto, langu.
Nikatafuta pa kuliweka.
Kabatini kulikuwa na vikombe vya chai, mitungi ya achari,
glasi za wageni.

Nikaishusha bilauri ile.
Sikuisugua chokaa.
Nikatia maji hadi kwenye mstari wake.