Rangi ya Koo

Picha ya mia mbili na kumi na tatu.
Koo jeusi. Mkia umebaki nje ya fremu.
Nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wa baba:
saa kumi na mbili na robo, ukungu, amekuja tena.
Amekuja nani, baba? Hukuandika.

Nazipanga mezani moja moja
kama mcheza karata asiyejua mchezo,
mvua ya Nanegal ikilichapa bati,
na ndege-wavumaji, quinde wa huku kwetu,
wamegandishwa katika kipande cha sekunde
ambacho wao wenyewe hawakukiona kikipita.

Hermelinda Tipán wa ng'ambo ya barabara,
mchemsha sukari, kikombe kimoja kwa vinne vya maji,
akaja na miwani iliyofungwa kwa uzi.
"Usiulize rangi," akasema. "Rangi ni umbea wa jua.
Akikugeukia, zambarau. Akikupa kisogo, mkaa.
Na manyoya ni yaleyale.
Uliza mdomo: umenyooka,
au umepinda kama sindano ya magunia?
Uliza miguu: imevaa pamba?
Uliza nyuma ya jicho: pana tone la chokaa?"

Basi tukauliza.
Huyu, mdomo umempita mwili kwa urefu,
hahitaji shahidi.
Huyu, kifua kama aliyemwagikiwa maziwa.
Huyu mwenye soksi za pamba na mkia wa vijiko viwili,
Hermelinda akacheka: "Huyu namjua, mwizi wangu,
kidole gumba kinamshinda ukubwa,
na ugomvi anawashinda mawifi watatu."
Wengine walitushinda.
Tukaandika: jike, labda.
Tukaandika: kivuli chenye haraka.

Ikabaki ile ya mia mbili na kumi na tatu.
Tukaipeleka dirishani, tukaipindua,
nikaazima lenzi ya fundi saa.
Koo likabaki jeusi, limefunga mdomo.

Ila chini, kwenye chupa ya maji matamu,
kioo kilikuwa kimenasa kitu kingine:
doa refu, halina uso, halina rangi,
limeinama,
bega la kushoto chini kuliko la kulia,
bega lililobeba miwa miaka thelathini,
kiwiko kimebanwa ubavuni
ili mkono usitetemeke.

Sikuuliza rangi.

Hermelinda alivua miwani, akaipangusa kwa kanga ya vidole vyake,
akaivaa, akaivua tena.
Mimi nikachukua penseli.
Mahali pa jina la ndege nikaandika: sijui.
Pembeni nikaanza kuandika jina jingine,
nikafika herufi ya pili, Ro,
ncha ikavunjika.

Nje kelele zikaanza, kali, nyembamba:
yule mwenye soksi anaigombeza chupa tupu.
"Amekuja tena," akasema Hermelinda,
akainuka kutafuta sukari.