Jiwe la Chumba cha Tatu

Karibu, bwana dalali. Vua viatu,
sakafu nimetoka kuipiga deki.
Hilo kopo la rangi liache nje, linavuja.
Umeandika INAUZWA ukutani, na herufi zako
zimechuruzika hadi kwenye beseni la Nyangeta,
kwenye gauni jeupe la komunio la mwanawe.
Hilo tutaliongea baadaye.

Mimi ni chumba cha tatu.
Kwenye karatasi yako simo.
Umeandika: nyumba, vyumba sita, bati la msauzi,
Mabatini, mlimani, mandhari ya ziwa.
Ziwa lipo, sikatai.
Panda juu ya ndoo pale mlango wa choo,
utaliona, jembamba kama upindo wa khanga.
Lakini sita wenye funguo, kumi na tisa wenye kulala,
umetupitia kama mtu anayehesabu mbuzi
akasahau aliyelala.

Masunga alikopa anunue lori
la kusomba mpunga kutoka Misungwi.
Lori likafa Usagara.
Deni halikufa.
Siku anasaini sikuwepo,
na wali wa mpunga ule sikuuonja.
Nilichojua ni kwamba mwezi wa pili, tarehe kumi na nane,
alibisha hodi hapa kavaa kofia ya harusini,
nikampa kodi ya miezi sita, taslimu.
Alihesabu mara mbili, akilamba kidole.
Barua ya benki ilikuwa mfukoni mwake tayari,
pembe yake niliiona, nikadhani ni mwaliko.

Na usiniambie habari za tembo na nyasi.
Nyasi hazilipi kodi miezi sita mbele.

Mkataba ni huu.
Unakaa ndani ya sufuria isiyo na mpini,
mbali na panya.
Muhuri wa mtaa umekolea upande mmoja,
sahihi ya Masunga ni mjusi aliyekanyagwa,
ya shahidi Bwire inasomeka vizuri,
maana Bwire ni fundi wa saa.
Sheria siijui.
Nilipanga foleni Kirumba tangu alfajiri
kwa binti mmoja wa msaada wa kisheria, ana mafua,
akausoma mpaka nyuma, pasipo na kitu,
akasema: Mama, funguo usimpe mtu.
Waulize kwanza.

Basi nakuuliza.
Anayenunua ukuta, ananunua na neno
lililotolewa ndani ya ukuta?
Mwezi ujao namlipa nani, Masunga asiyepokea simu,
au benki ambayo haijawahi kuniuliza jina?
Na miezi minne niliyokwisha kuilipa, ambayo sijailala bado,
iko wapi? Imo kwenye bei?

Unanyamaza. Egemea tu, usiogope,
hilo ni jiwe, halina vumbi.
Lilikuwa hapa kabla ya Masunga.
Alilichomea kuni wiki mbili, akalimwagia maji,
likatoa ufa mwembamba kama unywele, basi,
akajenga ukuta kulizunguka.
Ninalitandikia kitambaa, ni meza.
Kabula anafanyia hesabu juu yake,
ana kumi na moja, anakwama kwenye sehemu.
Masika likitoa jasho
tunajua, tunainua godoro.
Futi kumi kwa kumi, umepima na utepe wako.
Jiwe umelitoa, au umeliuza nalo?

Sikufukuzi, bwana. Najua na wewe umetumwa,
kola ya shati lako imegeuzwa ikashonwa upya,
naona, mimi ni fundi cherehani.
Mwenye shati la namna hiyo
naye ana mahali anapolipa kodi.

Chukua brashi yako.
Rangi imebaki kidogo, itatosha.
Hapo chini ya INAUZWA
ongeza maneno mawili:
WATU WAMO.
Herufi zilingane na zile za juu.

Halafu uje uani, Nyangeta anakungoja
na gauni la mtoto.