Chupa ya Saba

Tartu, Januari. Mto umeganda,
bata wamehamia penye bomba la maji moto la kiwanda.
Helve Tamberg anavua glavu za sufu, anavaa za mpira,
na saa mbili kamili, kama jana, kama mwaka jana,
anahamisha tone moja kutoka chupa kuukuu hadi chupa mpya.
Chupa kumi na mbili. Tone moja moja.
Wanaobaki humwagwa. Hakuna anayewazika.

Walianza wakiwa fito,
vijiti vyembamba vilivyokatana sawa kwa sawa
tangu kabla ya mtu kuwa na kisu.
Kisha Helve akawafutia jeni moja tu,
ile inayoushika mwili kama mshipi,
nao wakavimba, wakawa tufe,
wazito, wasiojua pa kujikatia.
Hadubini ilinionyesha mmoja akigawanyika:
pande hili limebeba urithi wote,
pande lile tupu,
bahasha iliyotumwa bila barua.

"Kwani unene ni kosa?" niliuliza,
mimi ninayepita mlangoni kwa ubavu.
Helve hakucheka. Alinipeleka chumba cha chai,
akachemsha viazi viwili:
kimoja kama yai la njiwa, kimoja kama ngumi yangu.
Dakika kumi. Akavipasua.
Kidogo kilikuwa kimeiva hadi moyoni.
Kikubwa, nje laini, ndani kikakwaruza kisu.

"Kitu kikikua, Tarvi,
tumbo hukimbia, ngozi hujikokota nyuma.
Na hawa hawana mdomo.
Wanakula kwa ngozi."

Akatia chumvi.
Tulikula vyote, hata kile kibichi.

Februari chupa ya nne iliamka angavu.
Maji angavu ni msiba: chupa yenye watu huwa na ukungu.
Ya tisa ikafuata, kisha ya kumi na moja.
Sikuzoea. Kila asubuhi niliinua vioo dirishani
kama anayetafuta ufa kwenye yai.

Machi barafu ya mto ilipasuka kwa kishindo,
na chupa ya saba ikawa nzito kama maziwa kabla ya adhuhuri.
"Wamerudi!" nilipiga kelele. "Wamekuwa fito tena!"
Helve aliinama kwenye lenzi, akakaa humo muda mrefu,
nikasikia jokofu likinguruma, likanyamaza, likanguruma.

Hawakuwa wamerudi.
Walikuwa duara, duara kabisa,
ila wadogo, wamejibana,
na kila mmoja akijikata katikati, pasipo papara.
Herufi moja ilikuwa imebadilika
mahali pengine kabisa pa ule urithi,
mahali ambapo sisi sote
hatukuwa tukipatazama.

Helve akachukua penseli.
Chupa ya 7, siku ya 141, aliandika.
Bado mviringo. Wazima.
Akatazama dirishani, maji yakisukuma mabamba ya barafu,
kisha akageuza penseli upande wa raba,
akafuta "bado".