Rimu Kumi na Moja

Mie fundi wa baskeli, kibanda changu kipo Ole.
Barua ya serikali sijui kuiandika,
lakini rimu iliyopinda naisoma.
Hii imekula shimo.
Hii imebebeshwa magunia mawili ya mbata.
Hii (weka kidole hapa, usiogope)
hii imepigwa na gari.
Shimo huibonyeza rimu.
Gari huikunja kama chapati.

Tangu lami mpya imwagwe nimetundika kumi na moja.
Wenyewe hawakurudi kuzidai.
Ile ya Asaa Faki, mpeleka maziwa:
debe lilipasuka, maziwa yakatambaa barabarani,
na hiyo ndiyo mara ya kwanza
kuuona mstari mweupe katika barabara yetu.
Ile ya mwalimu Bikombo,
vino anasomesha akiwa amekaa.
Na ile ndogo, inchi ishirini, ya mtoto wa Time.
Hiyo siisemi.

Time alikuja baada ya arubaini.
Hakulia. Alinunua daftari la skuli
akashika njia kwa miguu, Konde mpaka Mkoani,
siku nne, viatu pea moja na nusu,
mlango kwa mlango akikusanya vidole gumba.
Palipokosekana wino
watu walibonyeza masizi ya sufuria.
Wengine walimwambia, "Ajali ni kudra, mwanangu."
Akasema, "Kudra naikubali.
Mtu kutumbukia kisimani nayo ni kudra.
Mbona visima mnavifunika?"

Chake, ofisini, afisa aliuliza,
"Takwimu zenu ziko wapi?"
Tukazishusha rimu juu ya marumaru yake.
Moja ikajaribu kubingirika,
ikachechemea, ikachechemea,
ikaenda kulala chini ya meza, miguuni pake.
"Mnataka nini hasa?"
Dhiraa tatu za ukingo, za mguu na za baskeli.
Matuta mbele ya skuli.
Mahali pa kuvukia.
"Kivuko cha pundamilia," alisema, akiandika.
Time akauliza, "Huyo mnyama atafika lini?
Kisiwa hichi hata punda ni wa kuhesabu."
Afisa alicheka mpaka akavua miwani.
Akagonga muhuri. "Tutalifanyia kazi."

Muhuri ukakauka.
Karafuu zikaiva, majamvi yakatandikwa ukingoni,
na watoto wa skuli wakasogea katikati ya lami.
Hapa nasi tuna letu, tusijifiche.
Jamvi langu lilikuwepo.
Time akapita tena, nyumba kwa nyumba:
"Anueni. Karafuu ina bei.
Mtoto hana bei."
Nililikunja usiku, nikiona haya ya mchana.

Ilikuwepo chokaa, mabaki ya kupakia nyumba kwa Idd.
Wanawake sita, fagio za chelewa, ndoo mbili.
Mie nilishika tochi.
Mistari ikatoka mishazari,
pundamilia mgonjwa, lakini kasimama.
Asubuhi gari ya karafuu ikafunga breki.
Dereva akashuka na matusi:
nani kawapa ruhusa?
Kabla hajajibiwa watoto walishaanza kuvuka,
wadogo wameshikana mashati kwa nyuma,
naye akabaki na mdomo wazi, akiwangoja.

Adhuhuri mvua ikaufuta.
Tukachora. Ikafuta.
Mara tano.
Ya sita chokaa haikuwepo,
na dukani walitaka fedha taslimu.

Siku ile nilikuwa nimeinama, naziba tyubu.
Nikaisikia gari ikiteremka kutoka juu, gia ya nne.
Sikuinua kichwa. Nilikaza meno.
Gia ya tatu.
Ya pili.
Hapakuwa na mstari wala mtoto,
lami tupu inang'aa maji,
na gari ikapita pale polepole,
kama mtu apitaye mbele ya anayesali.

Afisa hajajibu.
Daftari liko kwake, na masizi yetu.
Msumari wa kumi na mbili niliupigilia mwenyewe,
mwezi wa Machi, siku niliyokata tamaa.
Bado upo.
Nimeutundikia kofia.